Liberi Fatali: wana wa nani, huru na nini?

Hotuba kwa wanafunzi wa tafsiri, Septemba 30

Waungwana, hamjambo?

Neno hilo "waungwana" nimelitumia makusudi. Liwekeni mfukoni, nitakuja kulidai.

Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, nanyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, asanteni kwa kunialika. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini na kufariki Bethlehemu mwaka 420. Ndiyo maana siku hii ikawa ya watafsiri, na mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ukaitambua rasmi. Yeronimo huyo ndiye pia aliyemwotesha Musa pembe. Neno la Kiebrania liliweza kuchukuliwa kuwa uso unang'aa au kichwa kimeota pembe. Yeye akachukua pembe. Miaka kama elfu moja na mia moja baadaye Michelangelo akamchonga Musa na pembe zake mbili, na sanamu iko Roma hadi leo. Kwa hiyo mkiniona nakosea, jueni ukoo wangu ni mkubwa.

Waandaaji waliniomba nizungumzie changamoto za tafsiri. Nikawajibu kwamba changamoto zote siziwezi, labda maneno mawili. Na maneno hayo hayatoki kwenye Katiba wala kwenye Maandiko. Yanatoka kwenye gemu. Naam, gemu. Naona mwalimu wangu mmoja ameinamisha kichwa. Mwalimu, nivumilie dakika chache, tutafika kwenye sarufi.

Februari 1999 kampuni ya Square ya Japani ilitoa Final Fantasy VIII kwa PlayStation ya kwanza. Ilikuja kwenye sidii nne. Ukiweka ya kwanza na kuanza mchezo, kabla hujafanya lolote na padi yako, unaonyeshwa video: bahari, uwanda wa maua, vijana wawili wanakatana kwa mapanga. Juu ya hayo yote kwaya inaimba kwa Kilatini. Muziki ni wa Nobuo Uematsu, ala zilipangwa na Shiro Hamaguchi, na maneno ni ya Kazushige Nojima, huyohuyo aliyeandika hadithi ya gemu. Yakatiwa kwenye Kilatini ndipo yakaimbwa. Wimbo unaitwa "Liberi Fatali". Mwaka 2004, kwenye Olimpiki ya Athens, wanawake wawili wa Marekani waliogelea kwa kufuatisha muziki huo wakapata medali ya shaba, kwa hiyo mnaodhani gemu ni mambo ya vibandani, hilo nalo lipo.

Mimi mwenyewe niliusikia kibandani. Nilikuwa kidato cha tatu, seminari ndogo, nimerudi nyumbani likizo. Kwenye kibanda cha gemu ulilipia nusu saa, na usipolipia ulisimama nyuma ukaangalia bure. Mimi nilikuwa wa kusimama nyuma. Kwaya ilipoanza, wenzangu wakanigeukia: "Bruda, wewe si unasoma Kilatini? Wanasema nini hawa?" Nikatoa kifua mbele nikasema: "Vitabu vya Mauti."

Kibanda kizima kikatikisa kichwa kwa heshima. Jina lilisikika vizuri, na lilikuwa si sahihi hata kidogo.

Kosa langu ni la darasa la kwanza la Kilatini. Kuna "liber" ambaye ni kitabu, na kuna "liber" ambaye ni mtu huru. Kwenye maandishi ya kawaida yanafanana, lakini midomoni mwa Warumi hayakufanana: la kitabu lina i fupi, la uhuru lina i ndefu. Ni kama sisi tunaposema "barabara hii imejengwa barabara". Jicho linaona neno moja mara mbili, sikio linajua ni mawili. Tofauti inajitokeza kwenye wingi. Vitabu ni "libri", e imedondoka. Watu huru ni "liberi", e imebaki. Nchi ya Liberia imepata jina lake kwenye mzizi huo wenye e. Basi vitabu havimo. Nilimsimulia padre aliyetufundisha. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akanipa zoezi la kurasa mbili.

Miaka ikapita. Mwaka juzi akanipigia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye hutengeneza video za kusimulia hadithi za magemu ya zamani kwa Kiswahili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, wewe si ulisoma seminari? Nataka Kiswahili cha Liberi Fatali. Maneno mawili tu. Video inatoka usiku huu."

Video haikutoka usiku ule. Ilitoka baada ya wiki tatu, na dada yangu alinilaumu kwamba namchelewesha mtoto kazini.

Nianze na "liberi". Nimesema ni watu huru. Lakini Warumi walilitumia neno hilohilo kwa watoto. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nyumba ya Mrumi ilikuwa na watu wa namna mbili chini ya baba mmoja: watumwa, na wale waliozaliwa huru. Waliozaliwa huru, yaani watoto wa mwenye nyumba, wakaitwa hivyo: "walio huru". Sasa toeni lile neno nililowapa mlangoni. Waungwana! Mwambao wetu ulikuwa na nyumba za namna hiyo, na muungwana hakuwa mtu wa adabu tu kama tunavyosema leo. Alikuwa mtu asiye mtumwa. Neno hilo lilisafiri na misafara ya karne ya 19 hadi Kongo, ndiko lilikotoka jina Kingwana, Kiswahili cha huko. Mimi nilipoanza hotuba kwa kuwaita waungwana niliwaita, bila ninyi kuhisi, "liberi".

Lakini huwezi kumwita mtoto wako "muungwana wangu" ukaeleweka. Na kwaya ya Uematsu, mstari wake wa kwanza wa Kilatini, inasema: "Excitate vos e somno, liberi mei." Amkeni usingizini, liberi wangu. Hilo "mei", yaani wangu, linafunga mlango. Hakuna anayesema "watu huru wangu". Ni mzazi anaamsha watoto. Kisha anaongeza kwamba kitanda cha kichanga hakipo tena. Maana ya kwanza kwa hiyo ni watoto, na uhuru umekaa ndani ya neno kama harufu ya karafuu kwenye gunia lililokwisha kumwagwa.

Hapa nilitaka kuandika "watoto" nikalale. Nikajizuia, maana Kilatini kina neno la mtoto kwa umri, nalo ni "puer". "Liberi" halina umri. Mzee wa miaka sitini bado yumo katika liberi wa baba yake. Na Kiswahili, Mungu akibariki, kimetenga mambo hayohayo mawili: mtoto ni umri, mwana ni uhusiano. Bibi yangu alikuwa na miaka themanini bado akijitaja "mwana wa fulani". Kwa hiyo "wana", na "wanangu". Kijana mmoja aliniambia kwamba "wana" siku hizi ni washkaji wa kijiweni. Sawa, hata hilo halidhuru. Waliomo kwenye gemu ile ni washkaji hasa. Tena, bila kuwaharibia hadithi sana, wengi wao walilelewa pamoja kwenye kituo kimoja cha yatima, kisha wakasahau. Neno linalomtaka mtoto awe na mzazi limewekwa juu ya kundi la yatima. Kama Nojima alilikusudia hilo, namvulia kofia. Kama ni bahati, basi ni bahati ya watunzi wakubwa.

Sasa "fatali", na hapa ndipo nilipolala saa nane za usiku.

Mzizi wake ni kitenzi cha kunena. "Fatum" ni kilichonenwa, neno lililotoka kinywani mwa miungu na halirudi. "Fatalis" ni cha kupangwa kwa neno hilo. Na kwa kuwa katika yote tuliyopangiwa lenye hakika kuliko yote ni kufa, neno likaanza kunuka mauti. Lugha za Ulaya zilizolirithi zimebaki zaidi na harufu kuliko maua. Sisi tuna neno lililopita njia hiyohiyo: ajali. Kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, siku yako iliyokwisha kuandikwa. Wazee waliposema ajali haina kinga hawakuwa wanazungumzia bodaboda. Leo ajali ni basi limepinduka. Kama ningeandika miaka mia mbili iliyopita, "ajali" ingenibebea "fatalis" nzima, kupangwa na kufa, bila kudondosha kitu. Nilimtumia mpwa wangu "Wana wa Ajali". Akajibu: "Mjomba, hiyo ni mimba isiyopangwa."

Lakini tatizo kubwa ni herufi ya mwisho. "Fatalis" ni kivumishi, na kivumishi cha Kilatini hufuata nomino yake kama chetu. "Liberi" ni wingi, basi tungetegemea "fatales". Liberi fatales, wana walioandikiwa, kwisha. Wimbo unasema "fatali". Hiyo si umbo la wingi wa mtenda kwa kivumishi cha kundi hilo. Ni umoja, na ni umbo la "kwa" au la "kutokana na". Ukisoma kwa ukali, jina linasema kitu kama "walio huru, kwa yule aliyeandikiwa". Mwitaliano akisoma haoni shida, maana kwake "liberi" ni huru na "fatali" ni wingi mzuri tu. Nashuku Kiitaliano ndicho kilichonong'ona sikioni mwa mtu.

Mtasema basi ni kosa, tulisahihishe twende. Nami nilisema hivyo, mpaka nikafika mwisho wa wimbo. Kwaya inaagana na watoto: "Valete, liberi, diebus fatalibus." Kwaherini, wana, katika siku zilizoandikwa. "Fatalibus"! Umbo hilo limenyooka kama mstari wa rula, na ni la kivumishi kilekile. Aliyejua kuandika "fatalibus" angeshindwaje kuandika "fatales"?

Nikalitafakari siku tatu. Jibu halikuja kutoka kwenye kitabu cha Kilatini, lilikuja nilipokuwa nasahihisha insha za mashairi za wanafunzi wangu. Tamkeni pamoja nami: li-be-ri fa-ta-li. Silabi tatu, silabi tatu, na zote zinaishia i. Sasa: li-be-ri fa-ta-les. Silabi bado tatu, lakini kina kimekufa. Jamani, hii ni tabdila! Mshairi amebadili mwisho wa neno ili apate kina, na mizani haikuguswa. Tunawasamehe washairi wetu wa Lamu na Mombasa kwa jambo hilo kila siku na tunalipa jina la heshima darasani. Hiyo ni rai yangu, sina ushahidi wa kuleta mahakamani. Lakini sikio langu linaniambia kwamba aliyeliweka jina hili alichagua muziki, akaiacha sarufi ingoje nje.

Shida ni kwamba tabdila ikishafanyika, maana mpya hupenya kwenye ufa. Nieleze hili kwa wimbo wetu.

Mnaujua "Baba Yetu". Christopher Tin, Mmarekani, aliutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Kwa msikilizaji wa Chicago, Kiswahili pale kinafanya kazi ambayo Kilatini kinaifanya kwetu: kinainua nywele za mkono bila kumsumbua mtu na maana. Sisi tunaoelewa tunakwaruzwa kidogo. "Baba yetu, Yesu uliye mbinguni". Hapo mwalimu wangu wa katekesimu angesimamisha kwaya. Halafu sala yenyewe imechanganya madhehebu. "Ufalme wako ufike, utakalo lifanyike" ni ya Wakatoliki, "utuokoe na yule mwovu" ni ya Biblia ya Union.

Ngojeni hapohapo kwenye "utuokoe na yule mwovu". Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, akijua kwamba "na" ni kiunganishi, ana haki ya kuuliza: mnamwomba Mungu awaokoe ninyi pamoja na Shetani? Sisi hatulioni, kwa sababu tunajua kuokoa na kitu ni kutolewa kwenye kitu. Sasa tazameni Kilatini chake: "libera nos a malo". Kitenzi "libera" ni ndugu wa damu wa "liberi". Na "malo" halisemi kama ni uovu au ni mwovu. Umbo ni moja. Mtafsiri wa Kiprotestanti akachagua mtu: yule mwovu. Mkatoliki akachagua mahali penye mambo: "utuopoe maovuni". Kilatini kilinyamaza, na Kiswahili kwa ajili ya ngeli zake hakiruhusu kunyamaza. Lazima useme ni mtu, kitu au mahali. Kila Jumapili taifa zima linasali tafsiri mbili za neno moja lenye utata, na hakuna aliyepigana.

Rudini kwenye "liberi fatali". Kilatini huweza kusema "liber cura", mtu huru na wasiwasi, yaani hana wasiwasi. Umbo la "kutokana na" linatosha, bila kiungo. Na "fatali" ni umbo hilo! Kwa hiyo jina lile, lililokusudiwa kusema wana walioandikiwa, linaweza kusomeka, bila kuvunja sheria yoyote, kama "walio huru na yaliyoandikwa". Maana iliyo kinyume kabisa. Sidhani Nojima aliitaka. Ila nilipoiona nilisimama kitandani.

Kwa sababu hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Mwisho wa gemu, Squall, kijana mkuu, anaangukia wakati uliopita, kwenye kile kituo cha yatima, na anamkuta mlezi wake Edea kabla mambo hayajatokea. Anamtajia SeeD na Garden, jeshi na shule ambazo yeye Squall amekulia ndani yake. Edea ndiyo kwanza anazisikia. Wazo limetoka kwa mwanafunzi, likaenda nyuma, likajenga shule iliyomlea mwanafunzi. Nani alichagua hapo? Wana hao wameandikiwa, au wameandika?

Mpwa wangu hakutaka falsafa, alitaka maneno ya kuweka kwenye kioo. Nilimtumia "Watoto wa Hatima". Akasema hiyo ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti. "Wana wa Majaliwa": wataniuliza Majaliwa yupi. "Waungwana wa Majaliwa", nililoliona tamu sana, akasema ni kikundi cha taarabu. Hapo tulinuniana siku mbili.

Tulikubaliana "Wana Walioandikiwa". Nalipenda kwa sababu halisemi wameandikiwa nini. Heri au mauti, kama "fatalis" yenyewe. Nalipenda pia kwa sababu Mrumi majaliwa yake yalinenwa, ya kwetu huandikwa, na ikiwa yameandikwa basi pametokea kitabu. Yule "liber" wangu wa kibandani amerudi kwa mlango wa nyuma! Kilichopotea ni uhuru. Nilijaribu "Wana Huru Walioandikiwa" na nikalifuta. Lilikuwa linaeleza, haliimbi. Uhuru sikuupata, na sitawadanganya kwamba niliupata. Mpwa wangu aliliacha jina la Kilatini juu kwa herufi kubwa, la Kiswahili chini yake kwa ndogo.

Jambo moja dogo kabla ya maswali. Wimbo huo una maneno mengine, "Fithos lusec wecos vinosec", na kuna wengi wamehangaika kuyatafuta kwenye kamusi ya Kilatini. Msihangaike. Si Kilatini. Ni herufi za maneno ya Kiingereza, "succession of witches" na "love", zilizochanganywa kama karata. Nami niliyatafuta, jioni nzima.

Fundi mitambo, tafadhali tuwekee. Ni dakika tatu. Walio nyuma msitoke kwanza; sikilizeni mwisho kabisa, baada ya "valete, liberi", mtasikia "fatalibus".